Mgombea na Ahadi ya Jeshi la Lazima

Aprili 27, 1942, wapiga kura wa Kanada walikabidhiwa karatasi yenye swali la kuzungukazunguka. Neno la kulazimisha watu kuingia jeshini halikuwamo. Waliulizwa tu kama wanakubali kuifungua serikali na ahadi zake za nyuma zilizobana njia za kupata askari. Waziri Mkuu Mackenzie King alikuwa ameahidi, vita vilipoanza na tena kwenye uchaguzi wa 1940, kwamba hakuna atakayelazimishwa kwenda kupigana ng'ambo. Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni, akaomba asamehewe deni. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura wakamsamehe. Kule Quebec, ambako ahadi ile ilikuwa mtaji mkubwa wa chama chake, zaidi ya asilimia 70 walikataa. Ukikaa upande wao unawaelewa: wadai walikuwa wao, waliosamehe ni majirani.

Kisa hicho kinabeba karibu ubishi wote uliopo juu ya swali hili: mgombea apande jukwaani aahidi kulifuta jeshi la lazima, au kulianzisha, ama akae kimya?

Wanaotaka akae kimya wana hoja nzito. Nchi inahitaji askari wangapi ni jambo ambalo kwa sehemu kubwa huamuliwa na adui, na adui hasomi ilani za vyama. Oktoba 30, 1940, siku moja tu baada ya bahati nasibu ya kwanza ya kuita vijana wakati wa amani kuanza kuchezeshwa Washington, Rais Roosevelt wa Marekani aliwahakikishia wazazi jijini Boston kwamba watoto wao hawatapelekwa kwenye vita vya ugenini. Desemba mwaka uliofuata Japani ikaipiga Pearl Harbor. Watetezi wake husema ukishavamiwa, vita si vya ugenini tena. Haya, kwa maneno matupu hoja hiyo inasimama. Ila mzazi aliyesikiliza usiku ule hakusikia sharti hilo.

Ukraine ni mfano mchungu zaidi. Oktoba 2013 Rais Yanukovych alisaini amri ya kukomesha kuita vijana jeshini kwa lazima. Mei 2014, Crimea ikiwa imeshachukuliwa na Urusi, na mashariki kunawaka moto, utaratibu ule ukarudishwa. Taiwan nayo: Ma Ying-jeou aliingia uchaguzi wa 2008 na ahadi ya jeshi la kujitolea, muda wa lazima ukapunguzwa hadi mafunzo ya miezi minne, na tangu 2024 vijana wanatumikia mwaka mzima tena. Sioni uongo katika hayo. Naona watu walioahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwao.

Kuna na ubaya mwingine usiosemwa sana. Anayeahidi kuleta jeshi la lazima mara nyingi anawauzia wazee miili ya vijana. Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, alipotangaza mpango wake wa utumishi wa taifa kwa wenye miaka 18, Mei 2024, wengi wa ambao ungewagusa walikuwa bado hawajafika umri wa kupiga kura. Mwenye miaka sabini angeweza kuuchagua bila kuvaa gwanda hata siku moja. Sunak alishindwa, mambo yakaishia hapo.

Hata hivyo, wanaosifu ukimya wanasahau kwamba ukimya nao una mshindi wake: utaratibu uliopo. Thailand, kila Aprili, vijana wenye miaka 21, pale nafasi zisipojazwa na waliojitolea, hupanga foleni na kutumbukiza mkono ndani ya chombo kuchomoa kadi. Nyeusi, unarudi nyumbani. Nyekundu, jeshini. Chama cha Move Forward kilipoahidi kuukomesha utaratibu huo, mwaka 2023, kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote, ingawa hakikuruhusiwa kuunda serikali. Bila mgombea kuthubutu kulitamka jambo hilo, mpiga kura angelisemea wapi? Kwa majenerali?

Tena zipo ahadi zilizotimia. Gough Whitlam wa Australia alishinda Desemba 2, 1972, akaapishwa tarehe 5, na serikali yake ikasimamisha wito wa lazima mara moja, kwa amri ya kiutawala, bila kusubiri bunge. Waliofungwa kwa kukataa jeshi wakatolewa. Nixon wa Marekani aliahidi jambo kama hilo 1968, lakini safari yake ilikuwa ndefu. Aliunda tume. Desemba 1969, ili kupanga nani aitwe kwanza, tarehe 366 za kuzaliwa ziliwekwa kwenye chupa kubwa ya kioo, moja moja ndani ya kidonge cha plastiki, na ya kwanza kuchomolewa ikawa Septemba 14. Wito wa lazima ulikoma 1973. Aliyezaliwa Septemba 14 akapelekwa Vietnam angesema ahadi ilitimizwa kwa nani?

Msimamo wangu: mgombea aahidi, lakini aachane na neno "kamwe". Aseme miezi mingapi, nani atasamehewa, nani atasaini, na kama bunge litapiga kura kabla mtu hajavushwa mpaka. Moon Jae-in wa Korea Kusini aliahidi miezi 18, na kuanzia 2018 muda wa jeshi la nchi kavu ukashushwa hatua kwa hatua kutoka 21. Hiyo ni ahadi ambayo mzazi anaihesabu kwenye kalenda ya ukutani.

Mtu ataniambia hata masharti huvunjwa, na ni kweli. Kanada hiyohiyo, kwenye uchaguzi wa Desemba 1917, serikali ya Robert Borden iliahidi kuwaacha watoto wa wakulima mashambani. Machi Wajerumani wakaanza mashambulizi makubwa, na Aprili 1918 msamaha ukafutwa. Lakini wakulima walijua hasa wameahidiwa nini na kimechukuliwa lini. Mwezi Mei maelfu yao waliacha mashamba msimu wa kupanda, wakaenda Ottawa kumdai Borden uso kwa uso. Hawakupata walichofuata, ila hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba walisikia vibaya.