Ukianguka GMAT, nunua kaunta buku kabla ya kulipia kozi

Mara ya kwanza nilipofanya GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, nilitoka chumba cha mtihani na alama 515. Vyuo nilivyokuwa navitaka kwa ajili ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, vilikuwa na wastani unaopita 600. Jioni ileile, nikiwa nimesimama ndani ya daladala, nikaanza kutafuta kozi kwenye simu. Niliyoipata ilitaka zaidi ya milioni mbili kwa miezi mitatu, na kesho yake mwenye kozi akanipigia akisema kwamba bila yeye sitatoka hapo nilipo. Nilibakiza kidogo nikope kwenye kikoba.

Namshukuru Mungu sikukopa, na ninaandika kwa ajili ya mtu aliyeishika simu hivyo leo. Kozi inakurudisha mwanzo wa kila mada, hata zile unazozijua, na muda wote huo unalipia. Ambacho mimi sikuwa nacho ni picha ya makosa yangu. Hiyo haiuzwi na mtu.

Nikanunua kaunta buku, nikaigawa kurasa safu tatu: swali, jibu nililotoa, sababu ya kukosea. Safu ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Mfano wa aina ya swali lililokuwa linanimaliza: je, x ni kubwa kuliko sifuri? Unapewa taarifa mbili, na kazi yako ni kusema ipi inatosha kujibu. Taarifa ya kwanza, x kwa kipeo cha pili ni 9. Taarifa ya pili, x ni kubwa kuliko hasi 3. Mimi nilijibu kwamba taarifa ya kwanza pekee inatosha, kwa sababu kichwani niliiona 3 tu. Kumbe hasi 3 nayo ikijizidisha inatoa 9, kwa hiyo unazihitaji taarifa zote mbili. Nikaandika: "nimesahau hasi." Baada ya wiki mbili nikahesabu, na maneno hayo mawili yalikuwa yamejirudia mara kumi na moja. Hesabu zenyewe nilikuwa nazijua! Sababu iliyofuatia kwa wingi ilikuwa "nimeng'ang'ania." Sehemu ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, yaani dakika mbili na sekunde chache kwa kila swali, na mimi nilikuwa natumia dakika tano kwa swali moja. Halafu ya mwisho nayaacha wazi, jambo ambalo linakata alama. Ni afadhali ukisie, uliwekee swali alama, usonge mbele; mwishoni mfumo unakuruhusu kubadili hadi majibu matatu katika kila sehemu.

Vifaa vya bure vipo na vinatosha zaidi ya watu wanavyodhani. GMAC, wenye mtihani, wanatoa mitihani miwili kamili ya majaribio bila malipo kwenye tovuti yao. Kosa langu kubwa lilikuwa kuifanya yote ndani ya wiki moja, kutazama alama na kufunga kompyuta. Ukiirudia, maswali yanaanza kujirudia na alama zinakudanganya. Fanya mmoja, uuchambue kwa siku kadhaa, na wa pili uufiche hadi wiki mbili kabla ya tarehe yako. Hesabu za msingi nilizisoma Khan Academy, tovuti ya masomo, bure kabisa, kwa bando la usiku.

Kitabu rasmi cha zamani kilichotumika nacho usikidharau. Mtihani ulibadilika mwishoni mwa 2023, na toleo la zamani likafungwa Januari 2024. Jiometri na kusahihisha sentensi viliondolewa. Ruka kurasa hizo. Aljebra, uwiano na asilimia havijazeeka, wala vifungu vya ufahamu.

Pesa itunze kwa ajili ya ada ya kurudia, kwani hiyo peke yake inapita dola 250. Sheria inakuruhusu kurudi baada ya siku 16, lakini nakusihi usikimbilie siku hizo. Mimi nilikaa miezi minne, nikisoma kwa muda wa saa moja na nusu kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na Jumamosi Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, Dar es Salaam, ambako hakuna wa kuniita.

Nilirudi nikapata 605. Katika kurasa sita za mwisho za kaunta buku ile, "nimesahau hasi" halipo hata mara moja.