Kiingilio ndiyo kwanza kianzio

Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, Marekani, ilipofunguliwa Oktoba 1971, mtu mzima aliingia kwa dola 3.50. Ni kweli michezo ililipiwa kando kwa kuponi, lakini hata ukipandisha bei hiyo kwa mfumuko wa bei, mwaka 2024 ingefika kama dola 27. Mwaka huo, siku za Krismasi, tiketi ya siku moja ilikuwa dola 189!

Kinachokera zaidi ni vilivyokuwa bure. Kuanzia 1999 ulipewa kikaratasi cha kuruka foleni bila kulipa senti. Tangu 2021 huduma hiyo inauzwa: ilianza kwa dola 15 kwa kichwa kwa siku, sasa bei inapanda na kushuka kwa tarehe, na michezo inayogombewa zaidi inalipiwa peke yake. Basi la bure kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini likafutwa Januari 2022. Kuegesha gari, mwaka 2024, ilikuwa dola 30.

Halafu mtoto wa miaka 10 anahesabiwa mtu mzima. Wazazi wawili na watoto wawili, siku ya kilele, ni zaidi ya dola 700 kabla hamjanunua hata maji. Ni dhuluma kwa familia za kipato cha kawaida. Siku za nafuu zipo, mwishoni mwa Agosti na Septemba, yaani shule zikiwa zimefunguliwa na watoto wako darasani.