Rudi Whitehall, Mfalme, Utuponye

Mwaka 1643, Uingereza ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, mfalme dhidi ya Bunge, lilichapishwa ombi kwa Mfalme Charles wa Kwanza kwa jina la mamia ya wagonjwa maskini. Walikuwa na uvimbe na vidonda vya shingo, kifua kikuu cha tezi, maradhi yaliyoaminika kupona kwa kuguswa na mkono wa mfalme. Lakini mfalme alikwisha kuondoka London tangu Januari 1642, na sasa alikuwa Oxford, mji uliojaa askari na maboma. Hatuwezi kukufikia, wagonjwa wakasema; rudi Whitehall, jumba lako la London, utuponye, na dola nayo ipone, maana inaugua tangu uondoke.

Ukisema hiyo ni propaganda, una hoja. Mgonjwa fukara anapata wapi fedha za mpiga chapa? Na vidonda vya shingo vimegeuka upesi mno kuwa maradhi ya dola. Tena maombi mengi ya miaka ile yaliandikwa na wakubwa wa majimbo, wakulima wakaletewa tu watie sahihi.

Hata hivyo, aliyeliandika alijua anagusa jambo la kweli. Watu walikuwa wakisafiri kweli kwenda kuguswa na kuvishwa sarafu ya dhahabu shingoni, na vita vikawafungia njia. Kumwambia mfalme amekosea ni kujitafutia kesi ya uhaini. Kumwambia tunakuhitaji nyumbani, nani atakushtaki? Mimi naona unyenyekevu huo ulikuwa shinikizo, awe ameuandika mgonjwa au wakili wake.

Mfalme mwenyewe alijua kuwa ombi ni shinikizo. Tarehe 3 Juni 1642, uwanda wa Heworth nje ya York ulifurika maelfu ya watu. Thomas Fairfax, baadaye jemadari wa Bunge, alikuja na ombi la kumsihi mfalme apatane na Bunge. Charles akakataa kulipokea. Fairfax akapenya umati, akaliweka mbele ya tandiko la farasi wa mfalme, na nusura farasi huyo amkanyage.

Bunge nalo halikuwa na masikio makubwa zaidi. Ombi la jimbo la Kent la mwaka huohuo, lililoelemea upande wa mfalme, liliamriwa lichomwe na mnyongaji, na mshairi Richard Lovelace akafungwa kwa kuliwasilisha.

Nisiowatilia shaka sana ni wakulima wa majimbo ya Dorset na Wiltshire wa mwaka 1645. Walichoshwa na majeshi yote mawili yaliyowala ng'ombe wao, wakashika marungu, wakavaa riboni nyeupe, wakapeleka maombi kwa mfalme na kwa Bunge vilevile: fanyeni amani. Agosti mwaka huo Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge, aliwatimua kutoka kilima cha Hambledon, akawafungia mamia yao kanisani usiku kucha, kisha akawaachia warudi makwao.