Malele ya mikokoni si rangi ya mkeka

Pita kwenye mikoko ya Mikindani, Mtwara, maji yakitoka, uangalie matawi. Utaona vishada vya kijivu, vyembamba kama nyuzi za katani. Hayo ni malele, aina ya likeni: kuvu na mwani walioungana wakaishi kama kiumbe kimoja. Karne ya 19 malele yalisafirishwa kutoka pwani hii hadi Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau. Rangi za viwandani, zilizoanza na ile ya William Perkin wa London mwaka 1856, ziliiua polepole biashara hiyo.

Siku hizi nasikia watu wakishauri wasukaji wa mikeka wa Mtwara na Lindi waache rangi za unga za dukani, warudi kwenye malele. Naelewa wanachokitaka. Maji ya rangi za unga humwagwa uani, pengine hatua chache kutoka kisimani. Malele hayahitaji hata kuni: unayasaga, unayaloweka kwenye maji yenye amonia (zamani ulitumika mkojo uliochacha), na kila siku unatikisa chupa na kuifungua ipate hewa. Wiki kadhaa baadaye zambarau imeiva.

Nilijaribu kwa kitawi kilichoanguka chenyewe. Tone la dawa ya klorini ya kufulia liliacha doa jekundu papo hapo, dalili kwamba rangi imo. Chupa ilipoiva nilichovya hariri, ikatoka zambarau ya kuvutia mno. Miyaa, yaani majani ya kusukia mikeka, niliyoichovya pamoja nayo ilishika waridi hafifu, na nilipoisuuza ikapauka.

Kwangu mimi hapo ndipo ushauri huo unapokwama. Rangi hii hupenda sufu na hariri, na mkeka ni jani. Isitoshe, hufifia juani, na mkeka wetu hauishi ndani tu. Halafu likeni nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka. Kikapu atakachokwangua mtu asubuhi moja hakitarudi upesi mtini.

Kwa miyaa, ningeanza na ganda jembamba jekundu linalobaki kwa wabanguaji wa korosho. Lina tanini, kemikali ya mimea inayosaidia kutia rangi; huchemka likatoa kahawia, na ukitia misumari yenye kutu rangi huelekea weusi. Zambarau hutaipata humo, na najua mkeka bila zambarau utamsononesha msukaji aliyeizoea. Malele yaliyoanguka pamoja na matawi yaokotwe kwa ajili ya mtandio wa hariri. Yaliyo mtini yaachwe.