Moshi wa Miwa na Tone la Wingu: Wanaobishana Wanabishania Nini?

Miwa inapochomwa kabla ya kukatwa pande za Chemelil na Muhoroni, magharibi mwa Kenya, masizi hupeperuka na kutua kwenye nguo zilizoanikwa, na mwenye nguo hana budi kuzifua upya. Masizi hayo hayana makuu mbele ya mawingu: ni mazito, huanguka mapema. Kinachopanda ni chembe za moshi zisizoonekana kwa macho, nyingi zikiwa na upana usiofika maikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), zimejaa kampaundi za kikaboni, yaani zenye kaboni. Upepo wa Ziwa Victoria ukivuma mchana kuelekea bara, unaweza kuzisukuma hadi miinuko ya Nandi, ambako mawingu hujijenga alasiri. Zikifika huko, je, hurahisisha matone kuzaliwa?

Kila tone la wingu huanzia kwenye chembe. Kwa nadharia ya Köhler, Msweden aliyeandika makala yake maarufu mwaka 1936, nguvu mbili hushindana. Chumvi, au kitu kingine kilichoyeyuka, huyashika maji yasitoroke. Mvutano wa uso, ile nguvu inayoubana uso wa maji kama ngozi, kwenye tone dogo lililojipinda sana, huyasukuma yarudi kuwa mvuke. Maji safi katika nyuzi 25 yana mvutano wa milinyutoni 72 hivi kwa mita. Kampaundi nyingi za kikaboni hukimbilia usoni, kama sabuni kwenye beseni, na kuupunguza.

Mwaka 1999 mtafiti Facchini na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba upungufu huo unaweza kufika karibu theluthi moja. Piga hesabu: mvutano ukishuka kwa asilimia 30, na mengine yote yakibaki yalivyo, unyevu wa ziada (unaopita kiwango cha hewa kushiba mvuke) ambao tone huhitaji ili likue hushuka kwa takriban asilimia 40. Si haba.

Lakini mengine hayabaki yalivyo, wanasema wanaopinga kwamba mvutano huo una athari kubwa mawinguni, na hoja yao ina uzito. Tone lenye nusu kipenyo cha maikromita 0.1, ukilinganisha uso wake na ujazo wake, lina uso mara 10,000 kuliko tone lenye nusu kipenyo cha milimita moja. Molekuli za kuufunika uso wote huo zitatoka wapi? Zikienda usoni, ndani hupungukiwa na kile kilichokuwa kikiyashika maji. Tone likivimba, utando huo huchanika. Ndiyo maana hesabu iliyorahisishwa na watafiti Petters na Kreidenweis mwaka 2007, inayotumiwa sana, huchukua mvutano wa maji safi na kuendelea na safari.

Kisha mwaka 2017 zikaja data za Mace Head, kituo cha kupimia hewa pwani ya Ireland: kuna siku idadi ya matone haikuelezeka bila mvutano uliopungua. Maelezo ni kwamba vitu vya kikaboni hujitenga na maji vikawa tabaka la nje, likadumu hadi tone linapoanza kukua. Kwangu mimi hilo halikuwaangusha wapinzani; liliwawekea mpaka. Moshi wa mimea hubeba pia chumvi za potasiamu, na chembe kubwa yenye chumvi hiyo haihitaji msaada wa uso. Ubishi una maana kwa zile ndogo kabisa, zilizo karibu kikaboni tupu.

Wapo watakaorukia hapa na kusema basi moshi huleta mvua. Taratibu. Matone yakiongezeka na maji ni yale yale, kila moja hupata kidogo. Madogo hayagongani vizuri yakaungana, na mvua huweza kuchelewa. Moshi wa misitu ya Amazon umeonekana kuyafanyia mawingu hivyo.

Na kupima kwenyewe kuna mtego. Ukikusanya moshi wa Muhoroni kwenye kichujio, ukauyeyusha majini na kuning'iniza tone kwenye sindano ya maabara, utapata namba nzuri ya mvutano. Ila tone hilo ni la milimita kadhaa, lenye molekuli za kutosha kujifunika na kubakiza. Anayetaka jibu la Nandi itabidi apime chembe zenyewe zikiwa hewani, aone zinapogeuka kuwa matone na kwa unyevu kiasi gani.