Kabla Hamjaamini Ile Klipu ya Sekunde Kumi na Mbili

Naona imeshafika hadi grupu la ukoo. Shangazi yangu wa Magu, ambaye mwezi mzima simu yake haina bando, leo asubuhi bando kalipata. Kanitumia ile klipu na swali moja: "Mwanangu, ulikuwa umekunywa?"

Sikunywa, shangazi. Nilikuwa nafundisha hesabu.

Aliyeirusha ni rafiki yangu, simtaji, anajijua, na chaja yangu anayo tangu Pasaka. Kaikata kwa makusudi: inaanza nikiwa tayari hewani. Sasa mimi naomba niwaeleze nilifikaje hewani.

Likizo hii nina vijana saba wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), kidato cha tano, nawapiga tuisheni Igombe, uani kwa mjomba. Ubao hatuna, tuna jiwe. Watu wa Mwanza mmenielewa, wengine fikirieni ng'ombe wa kijivu aliyeshiba akalala, halafu mkubwa kuliko nyumba. Chaki inashika pale kuliko kwenye ubao wowote niliowahi kusomea. Ila kusema kweli ni mawe mawili. La kwanza linapanda taratibu kuelekea ziwani, likifika mahali linakatika kama limechinjwa. La pili linaanzia huko chini, kimo cha kiuno, nalo linapanda kwa mlalo ule ule. Hapo linapokatika pakumbukeni, tutarudi. Mimi nilirudi kabla yenu.

Somo lilikuwa fanksheni za vipande, zile ambazo upande huu zina kanuni yake na upande ule kanuni nyingine. Nilianza vizuri jamani, msinione hivi. Niliwaambia: barabara ya kwenda Sengerema zamani ilikuwa inafika Kigongo inakatika, unasubiri kivuko, inaendelea Busisi. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3, unapita bila kuuliza. Hiyo ndiyo kontinyuasi: unakofika ukitokea kushoto, unakofika ukitokea kulia, na pale penyewe, vyote vitatu ni sehemu moja. Kisha nikawachorea |x|, yaani x ukiivua alama ya hasi. Kalamu haiinuki, lakini pale sifuri pana kona: kushoto mteremko ni −1, kulia ni 1, kwa hiyo derivativu, yaani mteremko mmoja wa pale penyewe, hakuna. Vijana wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Mwalimu, shuleni hii hatukuielewa kabisa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza. Kichwa kilivimba nikakisikia.

Kuna binti mmoja huwa anakaa juu ya ndoo, haongei sana. Akauliza: fanksheni ni x² mpaka kwenye 1, ikishapita 1 inakuwa 2x − 3. Je, pale 1 inadifarenshietika, yaani ina derivativu?

Nikacheka. Nikamwambia kuna njia ya mkato. Difarenshieti kushoto, unapata 2x, weka 1, jibu 2. Difarenshieti kulia, jibu 2. Mbili na mbili. Imepita, tuendelee.

"Mwalimu, si tunaanza kwanza na kontinyuasi?"

(Mlio wanahesabu najua mmeshashika vichwa. Tulieni. Nilikuwepo.)

Mtu mwenye akili zake angeweka 1 pande zote mbili. Kushoto inatoka 1, kulia inatoka −1, anaona pengo la hatua mbili, anaomba radhi, anakunywa maji. Mimi nikamwambia, "Binti, usinivurugie darasa. Nitakuthibitishia kwa miguu."

Nikapanda jiwe. "Hili jiwe na lile la mbele, mlalo ni mmoja. Mlalo ukiwa mmoja njia ni laini. Nitatembea hapa, na goti langu halitashtuka." Na kwa kuwa mwalimu mzuri hawapi wanafunzi mgongo, nikatembea kinyumenyume.

Sasa kuna jambo klipu haionyeshi. Mbalamwezi ilikuwa imeisha. Mnajua dagaa hawavuliwi penye mbalamwezi, taa za wavuvi zinataka giza, kwa hiyo baada ya siku za ukame mitumbwi ilikuwa imerudi imejaa. Jirani mmoja, mama mtu mzima, tangu alfajiri alikuwa ameanika dagaa wake. Wapi? Kwenye jiwe la pili.

Mguu wa kulia ulirudi nyuma ukatafuta jiwe. Haukulikuta. Ukasubiri pale hewani, kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyebisha hodi asiitikiwe. Chaki ilikuwa bado mkononi na kidole kingine kimenyooka kuelekea mbinguni, kwa sababu nilikuwa katikati ya neno "laini". Nikaona vijana wote saba wanapaa. Nikashangaa wanapaaje. Kumbe mimi ndiye ninayeshuka. Na hapo hapo, nusu ya safari, akili ikafunguka, nikajua wazi kabisa kwamba ili mistari ikutane, upande wa kulia ulitakiwa uwe 2x − 1. Siyo −3. Moja tu. Sijawahi kuielewa hesabu vile maishani mwangu, na sikuwa na pa kuiandika.

Nikatua kwa makalio. Kile kishindo mnachokisikia kwenye klipu si mfupa, ni dagaa. Halafu kukawa kimya, na katika kile kimya ule mlalo niliousifia ukaanza kazi: dagaa wa juu wote wakaanza kuteremka taratibu kunifuata nilipo. Kwapani. Mfukoni. Mmoja kwenye sikio, sisemi kwa utani. Korongo mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akasogea hatua mbili, akanitazama kama anayenikadiria bei.

"Mayu wane! Dagaa wangu!"

Yule mama alikuwa amesimama juu yangu na mwiko mkononi. Mimi malezi yangu hayaniachi hata nikiwa nimezikwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Toka kwenye dagaa wangu."

Nikawa najikusanya. Juu ya jiwe la kwanza yule binti amechungulia, daftari mkononi, hacheki (ndiye pekee), anaandika. "Mwalimu, nimechukua hatua ndogo h kwenda kulia kutokea pale 1. Mteremko ni (2h − 2)/h. h ikiwa 0.1 napata −18. Ikiwa 0.01 napata −198. Inazidi kwenda chini tu, haitulii."

"Sahihi," nikasema, nikitoa dagaa sikioni. "Andika: derivativu hakuna."

"Na ile njia ya mkato?"

"Ifute."

Mengine hayana maana. Nililipa shilingi elfu ishirini, mjomba akaongezea tano kwa kucheka. Waliobanwa nilipewa kwenye mfuko, nimewala siku tatu. Shati nimelifua mara nne na paka wa nyumba ya pili amehamia mlangoni kwangu. Yule mama sasa akiniona njiani ananisalimia yeye kwanza, "Mwalimu, leo unapita jiwe lipi?"

Vijana wamerudi wote saba, na jana wameongezeka wawili. Nilifurahi mpaka nilipowaona wamekuja na simu zimeshawashwa kamera, wamekaa upande wa jiwe la pili.

Na wewe uliyeirusha: nakudai elfu ishirini na chaja.