Elifazi alizitazama nyota, Ayubu hakumtazama

Siwezi kuisoma sura ya 22 ya kitabu cha Ayubu bila kukumbuka chumba alicholala shangazi yangu, amepooza upande wa kulia. Kikundi cha maombi kilikuja, kikamtukuza Mungu kwa nyimbo, na kwa kweli waliimba vizuri. Kisha mmoja wao akainama kitandani: "Mama, kuna jambo gani hujalitubu?" Shangazi hakuweza kusema. Chozi lilimtoka jicho moja, likateremka hadi sikioni.

Elifazi Mtemani, mmoja wa marafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu alipopigwa majipu, alifanya vivyo hivyo. Anamwonyesha Ayubu jinsi nyota zilivyo juu na Mungu alivyo juu zaidi, na katika maneno hayo hayo anamshtaki kwamba amewanyima maji wenye kiu na kuwaacha wajane waende mikono mitupu. Shahidi hana, ila majipu ya mgonjwa.

Tusiwaonee marafiki wa Ayubu. Waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, kimya. Na imani yao ina mizizi: Kumbukumbu la Torati 28 imejaa baraka za watiifu na laana za waasi, na Paulo anawaambia Wagalatia kwamba mtu huvuna alichopanda. Tukikana hilo kabisa, dhalimu atapata pa kujificha. Lakini wao waligeuza maneno. Gongo huharibu ini, ni kweli. Ila wapo wanaokufa kwa homa ya ini bila kuonja hata tone. Ukimwona mgonjwa, huwezi kuanza na ini ukaishia kwenye chupa.

Yesu aliulizia jambo hilo hilo katika Luka 13: je, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akasema sivyo, kisha akawageuzia wasikilizaji wake wito wa toba. Toba alitaka kwa walio hai waliosimama wakipima wafu.

Ayubu naye alimsifu Mungu. Katika sura ya 9 anamtaja kuwa ndiye aliyeumba Orioni na Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wetu walilitazama kujua majira ya kulima. Hakupunguza ukuu wa Mungu hata kidogo, ila alikataa kukiri asichotenda. Mungu anapojibu, anamwuliza habari za Kilimia hicho hicho. Hamwachi hivi hivi: anamkemea kwa kunena pasipo maarifa, na Ayubu anatubu mavumbini. Lakini katika jibu hilo chanzo cha majipu hakitajwi, wala hakuna dhambi iliyotolewa kuwa sababu. Hata Kurani, katika sura Swad, inamsifu kuwa mwenye subira.

Hasira ya Mungu iliwaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa habari zake. Waliamriwa kuchukua fahali 7 na kondoo waume 7, wamwendee yule waliyemwita mwovu, awaombee.